Tarehe za Turubai

Kimara Baruti,
Dar es Salaam.
Jumapili, 22 Septemba 2024

Mpendwa Kaka Projestus,

Shikamoo kaka. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko Uswidi haijaanza kukubana kifua kama mwaka juzi. Je, unakula vizuri? Mama anaulizaga kila Jumapili kama umeshapata duka wanakouza ndizi za kupika, na kila Jumapili namjibu kwamba sijui.

Sie huku hatujambo kwa kiasi. Goti la kushoto la Mama bado linamsumbua; zile ngazi za kanisani anazipanda kwa awamu mbili, anasimama katikati na kujifanya anasalimiana na watu. Presha imetulia. Dawa anameza mwenyewe bila kukumbushwa. Mie afya ninayo.

Utashangaa kupata barua ya mkono. Barua pepe ya kazini kwako sitaki kuigusa tena, na WhatsApp nikikuandikia naona tiki mbili za bluu halafu kimya cha wiki mbili. Karatasi utaishika, na ukiitupa utajua umeitupa.

Naomba nianze mwanzo kabisa, hata kwa yale unayoyajua kuliko mimi. Nafanya hivyo kwa sababu ipo hati yenye sahihi yako inayosema mengine hayakutokea.

Programu yetu ya Turubai ilianza sebuleni kwetu mwaka 2020, vyuo na shule vilipofungwa kwa ajili ya korona. Wewe ulikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa kompyuta, mie kidato cha tano. Mwalimu Albano, ambaye tulikuwa tukisali naye kabla hajahamia Temeke, alikuja na flashi mfukoni. Shuleni anakofundisha kuna wanafunzi wasioona. Michoro yao ya biolojia na jiografia inachapwa kwenye karatasi maalumu. Ukiipitisha kwenye mashine ya joto mistari inavimba, na mwanafunzi anaisoma kwa vidole. Ilikuwa michoro arobaini na sita: moyo, sikio, jani lililokatwa, ramani ya nchi na mito yake. Ilichorwa zamani na mama mmoja wa kigeni aliyekuja kujitolea, kwa programu ya kuchorea ya kampuni kubwa. Yule mama alirudi kwao, kompyuta yake ikafa, na kompyuta za msaada walizobaki nazo shuleni zilikuwa za Linux. Ukifungua faili, skrini inajaa alama zisizosomeka. Ukimpelekea mwenye kompyuta ya Windows, programu mpya ya kampuni ile ile nayo inakataa, inasema faili ni la zamani mno.

Ulimwambia Albano aiache flashi mpaka Jumapili. Zikapita Jumapili tisa.

Nilikuwa nakuletea chai nakukuta umeandika namba kwenye daftari langu la kemia, kurasa na kurasa, ukitafuta ni namba ipi inaanzisha mstari na ipi inaanzisha rangi. Hukuwa na kitabu. Hakuna aliyekuonyesha. Tarehe 17 Mei, alasiri, tumetoka kula, lile sikio likatokea kwenye skrini, kuanzia juu kwenda chini, mpaka ule mfereji wa ndani uliojikunja kama konokono. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Ulimnyanyua juu na mwiko wake.

Jioni hiyo uliniita ukanionyesha unavyoiweka Turubai mtandaoni kwa leseni huria. Nilikuuliza maana yake nini. Ulisema, "Maana yake mtu yeyote ataichukua, ataitumia, ataibadilisha. Na tukishaitoa hivi, Koku, hata mimi mwenyewe siwezi kuirudisha." Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliona hilo ni jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kusikia mtu akisema sebuleni kwetu. Nilichagua kozi yangu ya chuo kwa sababu ya sentensi hiyo.

Huko chuoni ndipo nilipokutana na Wahiba, binti wa Mzee Sultan mwenye duka la steshenari kule Temeke. Tuligawana kazi. Wewe ulibaki na Kisomaji, sehemu inayosoma mafaili. Mie nilichukua sehemu ya kuchora. Wahiba akachukua kazi ambayo hakuna mtu anaitaka, ya kuhakikisha mchoro ule ule unatoka vile vile kwenye Windows, kwenye Linux na kwenye simu, mstari usinenepe huku na kukonda kule. Wanafunzi wa Mbeya, wa Nairobi, hata mmoja wa Kampala walianza kututumia marekebisho. Hatukuwahi kuwaona sura. Wahiba alikuwa anawaitaga majirani.

Mwaka 2022 kampuni ikakuita. Ndiyo hiyo hiyo iliyotengeneza programu ya yule mama. Ulitusimulia mezani huku unacheka, kwamba waliokufanyia usaili waliifungua Turubai mbele yako wakakuuliza umewezaje kulisoma faili lao bila wao kukuambia siri yake. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Mie nililia. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa naachwa, vyote kwa pamoja.

Hapa pana kosa langu, na sitalificha. Ulipofika huko uliendelea kututumia marekebisho ya Kisomaji, kidogo kidogo, mwaka mzima. Sikuuliza kama mkataba wako unaruhusu. Nilikuwa naliona jina lako kwenye orodha ya mabadiliko ya siku, nafurahi, napokea. Ni mistari kama mia tatu. Hiyo, kaka, nakubali kampuni ilikuwa na haki ya kuidai, na tungeitoa siku ile ile bila kinyongo. Lakini Kisomaji kina mistari elfu nne. Hiyo mingine yote uliiandika Kimara, kwenye meza ya plastiki, kabla hujawa hata na pasipoti.

Tarehe 6 Mei mwaka huu ikaingia barua ya wanasheria. Walitupa siku kumi na nne kuondoa kila kitu ulichoandika, la sivyo tovuti inayotuhifadhia msimbo, yaani maandishi ya programu, ingeombwa kuufunga mradi mzima. Nakala ilikwenda chuoni kwangu, kwa kuwa Turubai ndiyo ulikuwa mradi wangu wa kumalizia shahada. Nakala nyingine ilikwenda shuleni kwa Albano, kwa kuwa tuliitaja shule kwenye ukurasa wetu kama watumiaji wa kwanza. Nilizisoma kurasa mbili za mwanzo kwa utulivu, nakuambia kweli. Ukurasa wa tatu ulikuwa wako.

Nakuandikia ulichosaini kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza kile kinasomeka kama hakimhusu mtu. Ulisema Kisomaji chote ulikiandika baada ya kuajiriwa, kwa ujuzi ulioupata kazini. Ulisema tarehe za zamani zinazoonekana kwenye kumbukumbu za mradi si za kutegemewa, kwa kuwa anayesimamia mradi ana uwezo wa kuzibadilisha.

Anayesimamia mradi ni mimi.

Siku hiyo hiyo ikaja barua pepe yako, mistari mitatu. "Wapendwa Wasimamizi," ulituita. Wasimamizi ni Wahiba na mie, kaka. Mmoja wao ulimfundisha kuendesha baiskeli.

Nilikupigia Jumatatu, hukupokea. Jumanne vile vile. Jumatano ukapokea, na nilisikia milango ya kioo ikifunguka na kujifunga nyuma yako, nikajua umetoka nje ili usisikike.

Ulisema, "Koku, wewe huelewi. Kibali changu cha kuishi huku kinategemea kazi hii."

Nikakuambia, "Sikuombi uache kazi. Naomba uandike tarehe. Kabla ya Agosti 2022 na baada ya Agosti 2022. Basi."

"Waliniwekea karatasi mbele wakasema nisaini au niende."

"Ulisoma walichoandika juu yangu?"

Ukasema nisikupigie tena kwa namba ile. Nimeitii amri hiyo hadi leo.

Tarehe 20 Mei Wahiba na mie tulikifuta Kisomaji. Nilidhani itakuwa kazi ya siku nzima, kumbe ni amri moja ya neno moja na jina la folda. Wahiba alisema, "Ngoja," nikasema, "Tukingoja hatutafuta," nikabonyeza. Yeye ndiye aliyelia. Mie nilikwenda kununua maji.

Kule shuleni mkuu wa shule alipoipata ile nakala aliogopa. Simlaumu, ni barua yenye mihuri, kutoka nchi ya mbali, imetaja jina la shule yake. Aliagiza Turubai yote iondolewe kwenye kompyuta, na hata michoro iliyokwisha kuchapwa ifungiwe kabatini mpaka ijulikane. Albano alinipigia akaniuliza kwa upole tu kama kuna namna. Kidato cha nne wanafanya mtihani wao wa taifa Novemba, na kati yao wasioona ni saba. Nilimwambia atupe muda. Sikumwambia kaka yangu ndiye aliyefanya hivyo. Nilisema ni mambo ya kampuni.

Sasa nikuambie la chuo.

Waliniita mbele ya kamati ya nidhamu tarehe 18 Juni, kwa shutuma kwamba nimeghushi tarehe ili kujipatia kazi ya mtu mwingine. Siku moja kabla, mchana, nilimkuta Mama jikoni anamenya ndizi. Alikuwa anajua kila kitu. Ulimweleza wewe mwenyewe kwa simu, kwa namna yako. Bila kuinua macho akaniuliza, "Ile video unayo?"

Ninayo, kaka. Huenda umeisahau. Siku ile ya sikio nilikuwa nakurekodi kwa simu ya Mama. Umo humo, unazungusha skrini mbele ya kamera, mistari ya Kisomaji inasomeka, na kwenye redio nyuma yako mtangazaji anataja siku na tarehe, anasema vyuo bado vimefungwa. Kisha Mama anaingia na mwiko. Dakika mbili na sekunde kumi na moja.

Nikajibu, "Ninayo."

"Ukiwaonyesha, na hao wa huko wataiona?"

"Chuo kitawajibu wanasheria. Wataiona."

"Na watamfukuza."

"Mama, na mimi je, wakinifukuza?"

Aliweka kisu chini. Akasema, "Wewe uko hapa. Ukilia nitakusikia. Yeye akianguka huko sitajua hata ameangukia wapi." Halafu akaendelea kumenya. Baada ya ndizi mbili akaongeza, "Lakini sikukatazi."

Angenikataza, kaka, ningemjibu. Ningepaza sauti, ningetoka na kubamiza mlango, na kesho yake ningeiweka simu mezani mbele ya kamati. Alipoacha kunikataza sikuwa na la kushindana nalo. Nilichukua kisu kingine tukamenya wote.

Kamati walikuwa watano. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia shingoni, aliisoma hati yako kwa sauti mpaka mwisho. Akaniuliza, "Huyu Projestus ni nani kwako? Naona majina ya ukoo yanafanana."

"Kaka yangu."

"Kaka wa namna gani? Mtoto wa mjomba, wa shangazi?"

"Wa tumbo moja."

Wakatazamana. Akaniuliza, "Kwa hiyo unasema kaka yako wa tumbo moja anakusingizia?"

Nikasema, "Nasema tarehe sikuzibadilisha."

Aliniuliza swali hilo mara tatu, kwa maneno tofauti, na nadhani mara ya tatu alikuwa ananisaidia, alitaka nitamke. Simu ilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa magotini. Nilijibu mara zote tatu vile vile. Mzee mmoja wa pembeni akaandika kitu, akafunga faili lake.

Uamuzi ulitoka baada ya siku tisa. Hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa nimeghushi, na hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa sikughushi. Mradi wangu umefutwa. Nimepewa onyo la maandishi linalokaa kwenye jalada langu, na natakiwa kufanya mradi mpya mwaka ujao. Wenzangu watavaa majoho Novemba. Wahiba amealikwa, ameniambia hatakwenda, nimemwambia akiacha kwenda nitamkasirikia kweli. Muda wa kukata rufaa ulikwisha Agosti. Sikukata. Nakuandikia haya yakiwa yamepita, ili usije ukafikiri natishia. Sitishii. Video nimeifuta kwenye simu ya Mama na kwenye yangu. Nilimwonyesha Mama mara ya mwisho, akaitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu.

Turubai haikufa. Sijui kama hilo litakufurahisha au kukuogopesha.

Mwalimu mmoja wa sheria alitueleza bure, amesimama mlangoni pa ofisi yake, kwamba hakuna anayeweza kutuzuia kuandika Kisomaji kipya, alimradi anayekiandika hajawahi kuona kile cha kwanza. Mie nilikijua chako karibu kwa moyo, kwa hiyo mikono yangu ilikuwa haifai. Wahiba, katika miaka yote mitatu, hakuwahi kukifungua. Alikuwa na kazi zake, na alikuwa anasema mwandiko wako unamtia kizunguzungu. Tukapanga hivi: mie nieleze faili lina nini ndani, kwa mdomo tu, na kila ninachosema kiandikwe. Yeye aandike msimbo. Mie nisiguse kibodi wala nisitazame skrini.

Tulifanyia nyuma ya duka la Mzee Sultan, kati ya mashine ya kudurufu na ile ya kulaminishia. Nilikaa nimempa Wahiba mgongo, natazama mlango. Wateja walikuwa wananiona wakidhani nimeadhibiwa. Siku ya kwanza nilikuwa najisahau, namwambia, "Hapo weka kitanzi kinachozunguka mpaka…" naye ananikata: "We Koku! Usiniambie nifanyeje. Niambie faili lina nini." Basi naanza upya: kuna namba ya umbo, kuna urefu wake, kuna rangi, na baada ya rangi kuna nafasi nne tupu ambazo wala sijui ni za nini. Hata wewe hukuwahi kujua. Uliniambia uliziruka tu.

Kila jioni kabla ya kufunga duka Mzee Sultan alikuwa anafungua daftari kubwa na kuandika kwa mkono wake: "Leo Kokushubila binti Gaudens hajagusa kibodi wala hajatazama kioo. Nimeshuhudia." Anasaini, anaweka tarehe. Daftari lina kurasa sitini na moja za namna hiyo. Mtu ambaye hata si ndugu yangu ametia sahihi mara sitini na moja kusema mie ni mkweli. Nilipomshukuru alisema ni mwandiko tu, kisha akamfokea Wahiba kwa kutokunywa chai.

Jumatatu ya tarehe 9 mwezi huu tulikwenda shuleni kwa Albano. Mkuu wa shule alisoma lile daftari, akasoma barua ya mwalimu wa sheria, akaturuhusu. Kati ya michoro arobaini na sita ilifunguka thelathini na mmoja. Tulichapa moyo kwanza. Msichana anaitwa Asifiwe, yuko kidato cha nne, aliupitisha vidole mara mbili kisha akasema, "Mwalimu, hapa kuna mshipa umelala juu ya mwingine. Haiwezekani, damu itapita wapi?" Wahiba aliangalia karatasi, hakuona kitu, alikuja kukiona kwenye skrini alipoukuza mchoro mara nane. Mstari mmoja ulichorwa mara mbili, umesogea upana wa unywele. Alirekebisha pale pale, amekaa kwenye dawati la mwanafunzi. Asifiwe akaupapasa tena akasema, "Sasa sawa."

Sikio halijafunguka. Nilijua tangu mwanzo kwamba sikio ndilo gumu, kwa sababu ya ule mfereji uliojikunja; wewe lilikugharimu Jumapili tatu peke yake. Nakumbuka ulivyolitatua. Nakumbuka mstari kwa mstari. Nakaa nimempa rafiki yangu mgongo, namsikia anahangaika na kitu ninachokijua, na siruhusiwi kufungua mdomo. Ndiyo hali uliyonitia. Mwezi mzima nimekuwa nikitaka ujue hali hiyo ina ladha gani, na nimeshindwa kuiandika vizuri zaidi ya hapa.

Albano hajangoja. Amelitengeneza sikio kwa kamba ya katani na gundi juu ya boksi la sabuni, moja kwa ajili ya wote saba. Wanapokezana.

Kuna jambo jingine dogo. Turubai ina ukurasa wa majina, na kanuni uliiweka wewe: jina linakaa pale kama kuna japo mstari mmoja wa mtu ndani ya programu. Toleo jipya halina mstari wako hata mmoja. Ndivyo wanasheria wenu walivyotaka, na tumehakiki mara mbili. Wahiba alikataa kulifuta jina lako, alisema hiyo si kazi yake. Nimelifuta mie, Jumamosi iliyopita. Mama aliniomba nimwonyeshe ukurasa huo baada ya misa leo. Alishuka nao taratibu kwa kidole mpaka chini, akarudi juu, akashuka tena.

Na ameniambia kwamba unakuja Desemba, wiki tatu, na kwamba umeagiza mie ndiye nije kukupokea uwanja wa ndege, kama kawaida yetu. Ameshaanza kupaka rangi chumba chako. Mimi sitakuja, kaka. Tumemwomba jirani yetu Elibariki, mwenye gari. Atakuja yeye na Mama. Nyumbani utakuta kitanda kimetandikwa na ndizi zimepikwa, na nikiwapo nitakuamkia kama ninavyokuamkia sasa.

Ila mchana nitakuwa Temeke, maana bado michoro kumi na tano. Ukitaka kuniona, njoo huko. Mzee Sultan hana kisirani, atakupa kiti na kahawa. Ombi langu ni moja: ukiwa njiani piga simu kwanza. Mkataba wako haukuruhusu kuuona msimbo wetu, na sie haturuhusiwi kukuonyesha. Kwa hiyo ukibisha hodi utasubiri nje kidogo, tuzime skrini, ndipo tukufungulie mlango.

Mama anakusalimu sana. Anajua nimekuandikia, hakuniuliza nimeandika nini. Wahiba amesema nikuambie zile nafasi nne tupu amezijua ni za nini, na kwamba hatakuambia. Mzee Sultan anakupa pole ya ugenini. Mwalimu Albano hajatuma salamu, na sikumwomba.

Mungu akutunze huko uliko, akulinde na baridi na watu wanaoweka karatasi mbele ya wenzao. Akupe kazi yako, na usingizi wako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata baada ya haya yote,

Kokushubila